Mume wangu anataka tupake rangi tuuze, mimi ule ukuta wa nyuma unaninyima usingizi

Anti shikamoo. Naomba jina langu usilitoe maana huku kwetu tunajuana sana. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mwanga hapa Kigoma, nauza mawese na dagaa. Mume wangu ni fundi umeme ila miaka hii ya karibuni amejikita kwenye nyumba, yaani tunatafuta nyumba iliyochoka, tunainunua kwa bei ya chini, tunairekebisha, tunapaka rangi tunauza. Wazo lilikuwa lake ila hela ya kuanzia ilitoka kwangu, kwenye kikoba chetu cha akina mama, na kiukweli sijutii. Ya kwanza ilikuwa Katubuka, ya pili Gungu, zote zilikuwa nyumba nzima tu zimechakaa sura, tofali za kuchoma, msingi wa mawe. Tukakwangua, tukapiga msasa, tukafanya skimu, tukapaka, tukabadilisha vitasa na taa, uani tukafyeka, ile ya Gungu hata mimi nilitamani tuhamie. Waliozinunua hadi leo tukikutana tunasalimiana vizuri.

Sasa mwaka huu tumenunua nyumba Ujiji. Vyumba vitatu na sebule, kiwanja kizuri, mwembe mkubwa nyuma, milioni 11. Mume wangu alifurahi sana, anasema SGR ikishafika huku mwisho wa reli nyumba hazitashikika. Tumeshaweka milioni 2 na laki 6 kwenye bati, milango na waya za umeme. Shida ni ukuta wa nyuma, wa kile chumba kinachoangalia mwembe. Mbele nyumba ni tofali za kuchoma ila nyuma inaonekana ndo nyumba ya zamani yenyewe, tofali mbichi za udongo, juu wamepiga lipu ya simenti. Kuanzia chini hadi usawa wa kiuno rangi imevimba vimba, ukiibonyeza na kidole inapasuka inamwaga unga, na kuna chumvi nyeupe imeota. Ukigonga lipu inalia tupu. Kwenye kona ya dirisha kuna ufa umepanda mshazari hadi karibu na bati. Na hicho chumba kina harufu Anti, kiangazi chote hiki cha jua kali bado kinanuka kama nguo iliyokunjwa mbichi.

Fundi rangi alipokuja akasema hiyo ndogo, tunakwangua tunapiga puti, chini tunapaka rangi ya mafuta mita moja kuzunguka chumba chote ionekane ni urembo, ufa tunaujaza tunapitisha skimu juu, siku nne kazi imeisha, laki 9 nyumba nzima. Mimi nikamwita fundi mwashi kimya kimya mume wangu akiwa safari, akaangalia akatikisa kichwa akasema huo ni wa kubomoa, milioni 3 na nusu. Mume wangu aliporudi nikamwambia, tukagombana. Akapiga hesabu mbele yangu, mteja anatoa 19, tumeshaweka 13 na laki 6, tukipaka tu tunabaki na milioni 4 na nusu, tukibomoa tunabaki na milioni moja na bado riba ya kikoba. Na kikoba tunavunja mwezi wa 12, mkopo uko kwa jina langu mimi. Akasema kila anayeuza nyumba anapaka rangi kwanza, mnunuzi ana macho, akague mwenyewe.

Mteja mwenyewe ndo ananimaliza. Ni mama mtu mzima, muuguzi mstaafu, ananunua kwa kiinua mgongo chake. Alikuja na wajukuu akasimama kwenye kile chumba akasema hiki ndo chenu. Mbao na mifuko ya simenti vilikuwa vimeegemezwa pale ukutani, chini hakuona kitu. Alipoondoka akanishika mkono akaniita binti yangu.

Anti nifanyeje? Namba yake ninayo. Nimefikiria nimpigie kwa siri nimwambie aje na fundi wake, au asinunue kabisa. Nimefikiria ninyamaze, ni biashara. Nimefikiria nikatae kusaini, maana yule mama ametaka na mke asaini. Mume wangu si mtu mbaya, hajawahi kuninyima wala kunipiga, ila siku hizi nikimwangalia naona mtu anayetaka kumuibia bibi wa watu na hata kula naye sahani moja nashindwa. Mvua zinakaribia na yeye anataka tumalize kabla hazijaanza.

Mama wawili, Mwanga, Kigoma

JIBU

Marahaba mwanangu, pole sana. Barua yako nimeisoma nikairudia, maana imebeba mambo matatu yamefungwa kamba moja. Kuna ukuta wenye maji, kuna deni lenye jina lako na lenye tarehe, na kuna mume ambaye umeanza kumtazama kwa jicho ambalo wewe mwenyewe hulipendi. Ukigusa moja yote yanauma. Mimi ningependa tuyafungue kidogo, na nitaanza na ukuta, kwa sababu naona nyote wawili mmegombana juu ya bei ya kutibu ugonjwa ambao hakuna aliyeupima.

Dalili zote ulizozitaja ni za maji. Tofali mbichi inanyonya maji kutoka chini, na nyumba nyingi za zamani hazikuwekewa nailoni ya kuzuia unyevu kati ya msingi na ukuta, kwa hiyo maji yanapanda yenyewe taratibu. Zamani ukuta wa udongo ulipigwa udongo au chokaa, maji yaliyoingia yalipata pa kutokea na jua likakausha. Mtu akija akaufunika kwa lipu ya simenti anakuwa ameufunga, maji hayatoki, yanazidi kupanda, na yanabeba chumvi za ardhini. Hiyo chumvi ikifika karibu na uso wa ukuta inakauka inageuka chembe chembe, zinasukuma rangi na lipu kwa nje, ndo huo unga unaomwagika ukibonyeza, na ndo maana lipu inalia tupu, imeshaachana na ukuta.

Sasa chukua ushauri wa fundi rangi uuweke hapo. Rangi ya mafuta inafunga kuliko hiyo iliyopo, ukiizungushia mita moja maji hayakati tamaa, yanapanda juu ya huo urembo yanatokea sehemu mpya au yanavimbisha rangi yenyewe. Lipu mpya tu yenyewe, hata kwenye ukuta mzima, inatakiwa ikae kama siku 28 ikauke ndo ipakwe, sembuse ukuta ulioloa kupigwa puti leo kupakwa kesho. Kwa hiyo hata tukiweka pembeni kwanza habari ya uaminifu, tukaongea biashara tupu, hizo hela za chumba kile zinapakwa mahali ambapo hazitakaa. Hili mume wako analielewa vizuri kuliko neno dhambi, yeye ni fundi. (Na mkiamua kukwangua rangi ya mafuta ya zamani, lowanisheni kwanza ukuta, msipige msasa mkavu, rangi nyingi za zamani zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni baya sana kwa watoto, kama wanao wanawafuata site wabaki nyumbani siku hiyo.)

Lakini huyo fundi mwashi wako nae nina swali naye. Alisema kubomoa, je alizunguka nyuma? Aliangalia maji yanatoka wapi? Wewe mwenyewe umeniandikia jambo moja limenikaa kichwani, kwamba kiangazi chote chumba kinanuka. Kigoma mvua zinakata mwezi wa 5, kuanzia wa 6 hadi wa 9 ardhi imekauka kabisa, ukuta wa udongo unaopata maji ya mvua tu ulitakiwa uwe umepunguza sana. Inawezekana simenti ndo imeyafungia ndani, na inawezekana pia kuna maji yanaingia kila siku. Bafu liko wapi? Karo la kuoshea vyombo? Bomba linapita chini ya ukuta huo? Kama kuna mita ya maji fungeni koki zote halafu muitazame, ikiendelea kuzunguka basi kuna bomba linavuja. Tazameni na huo mwembe, majani yake yanaangukia bati, kama kuna gata limejaa, kama hakuna gata maji yote ya paa upande huo yanashuka miguuni mwa ukuta. Mara nyingine hata udongo tu umerundikana kwa nje miaka na miaka hadi nje pako juu kuliko sakafu ya ndani.

Kuna kipimo cha bure mnaweza kukifanya nyinyi wenyewe. Kateni kipande cha nailoni nyeupe inayoonesha, kama sentimita 30 kwa 30, mkibandike ukutani kwa soltepu pande zote nne pasipite hewa, mkiache siku mbili. Matone yakionekana upande wa ndani wa nailoni, ule unaogusa ukuta, maji yako ukutani. Yakiwa upande wa nje ni jasho la chumba, kufungua madirisha kunasaidia. Bandikeni kimoja chini na kimoja usawa wa kifua ili mjue maji yamefika wapi.

Ufa ndo unaonitia wasiwasi zaidi. Ufa mwembamba kama unywele mara nyingi ni lipu tu imekauka vibaya. Wa mshazari kutoka kona ya dirisha unaweza kuwa msingi unazama upande mmoja, na chini ya mwembe mkubwa mizizi nayo haikosi neno. Chukua penseli uweke alama pale unapoishia juu na chini, andika tarehe, halafu pima upana wake kwa rula. Ukifika kama milimita 5 au ukivuka alama zako, hapo fundi mwashi anaweza kuwa sahihi na hakuna wa kulaumiwa isipokuwa ukuta. Usipotembea, kuna njia ya katikati ambayo hakuna kati yenu aliyeipigia hesabu: kukomesha maji yanapoingia, kuchimba mtaro, kuweka gata na kibaraza cha zege kwa nje, kubandua lipu ya simenti hadi juu ya pale unyevu ulipofika, kuuacha ukuta upumue wiki kadhaa, halafu kupiga lipu ya chokaa na kupaka rangi inayopumua. Kasoro yake ni muda. Mvua zikianza mwezi wa 10 mwishoni au wa 11, ukuta uliobanduliwa hautakauka haraka, na udongo mtupu ukinyeshewa bila kufunikwa ni hatari kuliko ulivyo sasa. Hilo sikufichi.

Twende kwa baba watoto. Umeniandikia kwamba mbao na simenti vilikuwa vimeegemezwa pale siku mama alipokuja. Hukuniandikia kwamba yeye aliviweka vifiche. Huenda aliviweka, huenda ni site tu na vitu vinawekwa popote. Muulize kabla hujamhukumu, muulize kwa sauti ya kawaida. Na jingine, ulipozungumza naye ulimpa bei ya fundi ambaye hakujua hata kama ameitwa. Alichosikia mwanaume pale ni kwamba milioni 3 na nusu zimeondoka na mke wangu ameniletea mtu nyuma ya mgongo. Huo wasiwasi wako wa wajukuu wa yule mama kulala chini ya ule ufa, hilo la kushindwa kula naye, umeniambia mimi. Yeye umemwambia? Katika barua sikuliona. Usione nakulaumu, ulikuwa unatafuta ukweli na ulifanya jambo la maana kutafuta fundi wa pili, nasema tu kwamba mambo mazito kabisa bado yako kwako peke yako.

Yeye naye ana kitu ambacho hajakipima. Anasema mnunuzi ana macho, na ni kweli anayenunua nyumba anatakiwa akague. Lakini kupaka rangi nyumba ili ipendeze, kama mlivyofanya Katubuka na Gungu, ni kazi halali kabisa na usiionee aibu. Kujaza ufa unaoujua na kuupitishia skimu ili asiuone ni kitu kingine. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inaweka kuficha kwa makusudi jambo unalolijua kwenye fungu la ulaghai, na aliyeingizwa mkatabani hivyo anaweza kuuvunja. Na wewe sahihi yako itakuwa pale pale chini.

Sasa hayo uliyoyafikiria. Kumpigia yule mama kwa siri naelewa moyo wako, amekuita binti yangu. Ila Ujiji na Mwanga ni karibu, siri ya namna hiyo itamfikia mumeo kabla ya jioni, na hapo mtakuwa hamzungumzi tena habari ya ukuta, mtakuwa mnazungumza kwa nini mke wangu alinizunguka. Inaweza kuwa bei ambayo uko tayari kulipa kama milango mingine yote imefungwa, mimi sijui, wewe ndo unajua, ila naona bado hujaigonga yote. Kukataa kusaini kuna nguvu, lakini kukitumika kama bunduki mezani mazungumzo yanakufa. Kukitumika kama neno la kweli, kwamba baba fulani mimi mkono wangu hautaandika jina langu pale kabla huyo mama hajauona ule ukuta, inaweza kuwa ndo sentensi atakayoisikia.

Kunyamaza pia ni njia na sitajifanya kwamba watu hawaichagui. Fikiria tu mvua kubwa ya kwanza. Kila masika tunasikia mahali fulani nchini ukuta wa udongo umeangukia watu usiku. Inawezekana kabisa wa kwenu usianguke, ukavimba tu ukanuka. Hata hivyo huyo mama atakuwa anapita sokoni kwako, na biashara yenu nzima inategemea watu wa Katubuka na Gungu kuendelea kuwasalimia vizuri.

Kuna kumwonesha wazi. Ondoeni mbao, mleteni yeye na fundi anayemwamini, mseme ukuta huu una maji, hivi ndivyo tulivyoambiwa, bei tunashusha kiasi hiki utengeneze mwenyewe, au tunatengeneza sisi na unalipa baada ya masika ukishauona umevuka mvua. Muandike hivyo hivyo kwenye karatasi ya mauziano. Anaweza kukimbia, nakuambia ukweli, hela za kiinua mgongo mtu anazishika kwa mikono miwili. Anaweza pia kubaki, kuna wanunuzi wanaoona muuzaji aliyewaonesha ubovu ni bora kuliko nyumba isiyo na ubovu. Mkishusha milioni 2 kwa mfano, bado mnabaki na milioni 2 na nusu baada ya rangi kabla ya riba, si milioni 4 na nusu, na si milioni moja pia.

Na kuna kutouza sasa. Vyumba vya mbele ni tofali za kuchoma, vikipakwa vizuri mnaweza kupangisha hivyo na sebule, mkafunga cha nyuma kabisa mtu asilale, kodi ya miezi mitatu au sita ikaingia huku mnashughulikia maji. Kwanza lakini fundi awahakikishie kwamba ukuta wa nyuma haubebi paa la mbele na hauwezi kuangukia uani wanakocheza watoto wa mpangaji. Kodi hiyo haitamaliza mkopo wa kikoba, itapunguza tu, na riba inaendelea. Hapo ndo inabidi uwaone akina mama wenzako mapema. Katiba za vikoba zinatofautiana, ila kiongozi anayeambiwa mapema kwamba nitalipa nusu mwezi wa 12 na nusu mwezi fulani ana nafasi ya kujipanga, anayeambiwa siku ya kuvunja hana. Ya SGR mwambie baba watoto aiweke pembeni kwenye hesabu, ikija ni nyongeza, deni lina tarehe na reli haiwezi kulilipa kabla haijafika.

Unaona mwanangu sijakuambia chagua hii. Mimi sijauona huo ufa na sijaishi na huyo mume. Ninachoona ni kwamba wote wawili mmekuwa mnachagua kati ya laki 9 na milioni 3 na nusu, na bado kuna kazi ya siku chache ambayo haina gharama, nailoni, penseli, mita ya maji, na kuzunguka nyuma ya nyumba pamoja. Kama ningekuwa wewe ningemuomba yeye ndo amtafute fundi wa tatu, mwashi anayezijua nyumba za udongo, Ujiji wapo wazee wa kazi hiyo, ili safari hii asije kama shahidi wako dhidi yake. Mkifika mwache yeye aulize maswali, ni fundi, atajua kubana. Wewe uliza mawili tu: maji yanatoka wapi, na je wewe ungelaza mtoto wako hapa mvua zikianza. Halafu msikilize fundi, na umsikilize na mume wako akiwa anamsikiliza fundi.

Mkimaliza hapo niandikie tena, uniambie ufa una upana gani na nailoni imetoa matone upande upi, tuendelee kutokea hapo.